Nilisema Haya, Wakaandika Aibu

Hotuba kwa walimu, wazazi na wanafunzi katika ua wa Ngome ya Lamu, baada ya swala ya Alasiri

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wenzangu, wazazi, maustadhi wa vyuo vya Qur'ani, wanangu mnaosoma, na nyinyi mliotoka Shela, Matondoni na Kipungani mkaacha shughuli zenu: ahsanteni kwa kuja. Wenzetu wa Faza na Kizingitini wana safari ndefu kuliko sisi sote na boti yao inafuata maji, kwa hiyo sitawaweka mpaka usiku.

Nimeombwa nizungumze juu ya majarida ya kitaaluma ya elimu. Najua mwalimu akisikia maneno hayo hudhani ni mambo ya watu wa chuo kikuu, hayamhusu yeye mwenye watoto hamsini na chaki mbili. Mimi pia nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Basi nianze na jambo lililonipata mwenyewe.

Nilikuwa na miaka minne kazini, nafundisha darasa la saba katika shule moja ya kisiwani humu, akaja mtafiti kutoka mbali. Alikuwa mtu wa adabu, sina neno baya juu yake. Alitaka kujua kwa nini wasichana wetu wanapungua darasani kadiri mtihani wa mwisho unavyokaribia. Alikuja na hojaji za Kiingereza na kijana wa kumfasiria. Nikamzungusha nyumba kwa nyumba, Mkomani hadi Langoni, na kila alipobisha hodi alikaribishwa, akapewa kahawa na halua, akajibiwa. Mimi mwenyewe nilimjibu kwa kirefu, na jibu langu nalikumbuka kama nilivyolitoa. Nilimwambia: wazazi hawaichukii shule, wanaona haya binti yao akishavunja ungo kukaa dawati moja na wavulana, na kwenda choo kisichokuwa na mlango.

Akaandika. Akaahidi kutuletea alichoandika. Akaondoka.

Miaka kumi na tisa baadaye nilirudi kusoma shahada ya pili. Siku moja nikitafuta makala za kuandikia tasnifu yangu, nikaona kichwa chenye jina la Lamu. Kuifungua kulitaka malipo ambayo sikuwa nayo, ila chuo kilikuwa kimelipia jarida lile, nikaisoma kwa mgongo wa maktaba. Ndani yake nikajikuta. Mwalimu mmoja wa kike alieleza hivi na hivi. Yalikuwa maneno yangu, yamevishwa Kiingereza. Lakini pale niliposema haya, wao walikuwa wameandika aibu. Wazazi wa Lamu, makala ilisema, wanaona ni aibu kumsomesha mtoto wa kike.

Nyinyi hamhitaji nieleze. Tangu tukiwa wadogo vyuoni tumefundishwa kwamba haya ni katika imani. Binti mwenye haya anasifiwa, mwanamume mwenye haya anasifiwa, na asiyekuwa nayo ndiye anayelaumiwa. Aibu ni doa. Mwenye haya analinda kitu cha thamani, mwenye aibu anaficha kitu kilichoharibika. Mtu akiyachanganya maneno hayo mawili, amewageuza wazazi wangu watu wengine kabisa.

Na tazameni neno moja lilivyozaa. Kila makala ya elimu huishia na mapendekezo, na mapendekezo ya ile yalikuwa kuendesha kampeni za kubadilisha fikra za wazazi. Lau neno lingebaki haya, pendekezo lingekuwa mlango wa choo, madawati zaidi, na mwalimu wa kike katika madarasa ya juu. Mlango ule shuleni petu ulitiwa hatimaye kwa mchango wa wazazi wenyewe, walewale walioandikwa kwamba wanaona aibu. Mwaka huo wasichana watatu walirudi. Siwaambii huo ni utafiti. Ni watoto watatu ninaowajua kwa majina, na mmoja wao sasa ni muuguzi.

Makala ile ilipita mikononi mwa wahakiki, wasomi wanaokagua makala, kabla ya kuchapishwa. Nina hakika hapakuwa na hata mmoja aliyejua Kiswahili, maana angekuwapo asingeipisha. Hilo ndilo lililonileta hapa leo. Mnyororo wa mashahidi ulikuwa na pete iliyokosekana, na pete hiyo ilikuwa sisi.

Nimesema mnyororo kwa makusudi. Watu wa Amu, yaani Lamu yetu hii, hatuhitaji kufundishwa upya jambo hili. Hadithi ya Mtume ikisomwa msikitini, kabla ya maneno huja majina: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Maulamaa waliuliza juu ya kila jina: alikuwa mkweli? Alikuwa na kumbukumbu nzuri? Walikutana kweli yeye na huyo anayedai kupokea kwake? Jina moja likiwa na shaka, hadithi hudhoofika hata maneno yake yawe matamu vipi. Na mwanafunzi aliyesoma Riyadha, msikiti na chuo chetu, akahitimu kitabu hupewa ijaza, yaani ruhusa ya kukifundisha, na ijaza ina majina ya walimu wa mwalimu wake. Elimu kwetu haikuwahi kuwa maneno matupu, ilikuwa maneno pamoja na walioyabeba.

Jarida la kitaaluma linataka kitu hichohicho. Ulaya, majarida ya kwanza ya aina hii yalitoka mwaka 1665, moja Paris mwezi wa Januari na jingine London mwezi wa Machi. La London lilianzishwa na Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, na mpaka leo linachapishwa. Kabla ya hapo wataalamu waliandikiana barua, na aliyegundua jambo angeweza kuliweka sandukuni akafa nalo. Jarida lilifanya mambo mawili: liliandika ni nani aliyesema na lini, na likawaruhusu wengine kumhoji.

Siku hizi mambo huenda hivi. Mwandishi anapeleka makala kwa mhariri. Mhariri, mara nyingi akishaondoa jina la mwandishi, anaipeleka kwa watu wawili au watatu wa fani ileile. Hao wanauliza: umejuaje? Uliwauliza wangapi? Uliwachaguaje? Waliokataa kukujibu walikuwa kina nani? Mwandishi anajibu, anarekebisha, anarudisha, pengine mara mbili tatu. Miezi hupita, hata mwaka. Na hao wahakiki hawalipwi. Ni kazi wanayoifanya kwa sababu na wao walifanyiwa. Ile orodha ndefu ya majina na miaka mwishoni mwa makala, ambayo wengi wetu tunaiona kama mapambo ya wasomi, ndiyo isnadi yenyewe, ule mnyororo wa majina. Inakwambia maneno haya yalitoka kwa nani, nenda kamuulize.

Nitoe mfano wa mnyororo unavyofanya kazi vizuri, na ni mfano wa hapahapa Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Busia, shule 75 ziliwekwa katika utafiti wa dawa za minyoo. Si zote zilizoanza kupewa dawa kwa wakati mmoja, ili zilizotangulia zilinganishwe na zilizobaki nyuma. Edward Miguel na Michael Kremer wakachapisha matokeo mwaka 2004: utoro ulipungua kwa kama robo. Hawakuona kwamba alama za mitihani zilipanda, na hilo nalo walilisema wazi. Utafiti ule ukatajwa dunia nzima. Kisha waandishi wakawapa watafiti wengine data zao zote, zikakokotolewa upya London, na mwaka 2015 ikachapishwa kwamba kulikuwa na makosa katika hesabu za awali. Waandishi wa kwanza wakakiri makosa yaliyokuwapo, wakatetea hitimisho lao kuu, na mabishano yakawa makali. Wako waliosema: basi utafiti hauna maana, leo hivi kesho vile. Mimi naona kinyume chake. Mtu aliyetoa hesabu zake zikaguliwe na asiyekubaliana naye, huyo amefanya kazi ya mwanazuoni. Hojaji ambayo imefungiwa kabatini hakuna awezaye kuikosoa.

Utafiti wa pili nitakaa nao zaidi kwa sababu unagusa madarasa yetu, na mimi nilifundisha miaka mingi bila kuusikia. Nao ulifanyika upande huohuo wa magharibi ya nchi. Kuanzia mwaka 1996 shule 25 zilizochaguliwa kwa kura zilipewa vitabu vya kiada, ambavyo kabla ya hapo vilikuwa haba sana. Kila mtu alitarajia alama zipande. Sisi walimu tungekula kiapo kwamba zitapanda, maana kilio chetu cha kila mwaka ni vitabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009 na Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin. Kwa wastani, alama hazikupanda. Waliofaidika ni wale watoto waliokuwa mbele tangu mwanzo. Na sababu kubwa waliyoieleza ni hii: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Kitabu kimefika mkononi na hakisomeki.

Nikiusoma utafiti huo nilifunga kompyuta nikakaa. Niliwakumbuka watoto wangu wa nyuma ya darasa, niliokuwa nikiwapa kitabu na kuwaambia someni, na wao wakinitazama mimi badala ya kukitazama kitabu. Nilikuwa nawaita wavivu. Mungu anisamehe.

Wala si Kenya tu. Mwaka 1970, Ile-Ife, Nigeria, mradi ulioongozwa na Profesa Babs Fafunwa ulianza kuwafundisha watoto masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka yote sita ya msingi, na Kiingereza kikafundishwa kama somo. Watoto hao walifanya vizuri kuliko wenzao waliobadilishiwa lugha mapema, na Kiingereza chao hakikurudi nyuma. Hayo yameandikwa na yanasomeka tangu wengine wenu hamjazaliwa. Sera yetu ya Kenya nayo inasema madarasa ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Basi mzazi anapomtaka mwalimu wa Gredi ya 1 aongee Kiingereza kitupu ili ionekane shule ni nzuri, mwalimu anayejua tafiti hizi ana la kumjibu, na atamjibu kwa upole na kwa ushahidi.

Sasa mwalimu atazipataje? Hapa ndipo pananiuma. Makala moja katika majarida mengi makubwa inauzwa dola 30 hadi 50. Ya chini hapo inazidi shilingi elfu tatu na mia tano. Mtoto wa Lamu amehesabiwa, mwalimu wake amehojiwa, mamake amepika chai ya wageni, na anayetaka kusoma yaliyosemwa juu yao alipie. Mtafiti hakupewa senti ya hela hiyo, na mhakiki vilevile.

Wapo waliolipinga jambo hili tangu zamani. Mwaka 2002 wasomi walitoa azimio la Budapest, wakataka makala za utafiti zisomwe na kila mtu bila malipo. Mwaka 2003 ikaanzishwa DOAJ, ambayo ni orodha ya majarida yaliyo huru kusomwa, na sasa ina majarida zaidi ya elfu ishirini. Tangu 1998 kuna AJOL, nyumba ya majarida ya Afrika kwenye intaneti, yenye makao Afrika Kusini. Hapo mtapata ya elimu kutoka Kenya, Tanzania, Nigeria, Ethiopia. Marekani nao wana ERIC, hazina ya maandishi ya elimu iliyoanzishwa miaka ya 1960, na mengi ndani yake hayalipiwi. Yote haya yanafunguka kwenye simu mlizoshika. Mkipata mtandao mzuri pakueni makala, muiweke, muisome baadaye bila bando.

Na makala ikiwa imefungwa, mwandikieni mwandishi. Anwani yake huwa ukurasa wa kwanza. Mwambieni: mimi ni mwalimu Lamu, nafundisha darasa fulani, naomba nakala ya makala yako. Nimefanya hivyo mara nyingi, na wengi hujibu siku ya pili kwa furaha, maana mwandishi hakuna anachokitamani kama msomaji.

Kuna hatari moja nitaipitia upesi. Walimu wengi hapa mnasoma shahada za juu, na chuo kinawataka mchapishe kabla ya kuhitimu. Mtaletewa barua pepe tamu: Mheshimiwa Mtafiti, tumevutiwa na kazi yako, tutaichapisha ndani ya siku tatu. Siku tatu hakuna mtu aliyesoma. Hao wanataka ada tu. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alitunga makala ya uongo yenye makosa ya wazi akaipeleka kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali. Mimi nilimwona mwanafunzi mwenzangu akikopa, akalipa, na kazi yake ikakataliwa na chuo kwa sababu jarida halikutambulika. Alilia mbele yangu. Wala msidanganywe na ile nambari ya tarakimu nane inayoitwa ISSN. Hiyo ni kama nambari ya usajili ubavuni mwa mashua: inakwambia chombo ni kipi, haikwambii kama kinavuja. Tazameni wahariri ni kina nani, na kama kweli wanafundisha huko wanakosemwa wanafundisha. Someni makala tatu za toleo lililopita. Mkiona hazieleweki, ondokeni.

Turudi kwenye pete iliyokosekana.

Amu imeandikwa sana. Sidhani kama kuna mji wa Waswahili wenye ukubwa huu uliotembelewa na watafiti wengi kama wetu. Muhamadi Kijumwa, mwandishi mwenye hati nzuri aliyekuwa hapahapa mjini, alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na kazi za mkono wake ziko London na Ujerumani. Huo ulikuwa mwendo wa zamani: kitu kinaondoka. Miswada ya Riyadha imekwenda njia nyingine. Katika miaka ya 2010 ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa msaada wa mradi wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, miswada yenyewe ikabaki kwa wenyewe, na picha zikawekwa wazi kwenye intaneti. Mtoto wa hapa anaweza kuifungua leo usiku. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, na watu wema wa kulifanya wapo.

Kwa upande wa elimu ya shule bado tuko kwenye mwendo wa zamani. Na hapa nina ombi kwa wakubwa wa elimu wa kaunti waliokuja. Mtafiti yeyote anayefanya utafiti Kenya hupata leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI. Moja ya masharti ya leseni ni kwamba atawasilisha ripoti yake kwa Tume ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. Sharti hilo ni zuri, lakini ripoti inakwenda Nairobi. Mtafiti anapofika kwenu kuripoti kabla ya kuingia madarasani, na lazima aripoti, mwambieni: karibu, na nakala moja iletwe maktaba ya Ngome, pamoja na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili. Haina gharama ya kumshinda mtu aliyesafiri kuja huku. Na kabla hajachapisha, yale maneno aliyoyanukuu ayasome mbele ya walioyasema. Ningesomewa mimi siku ile, ningeliona neno lile mara moja.

Na walimu, mkipewa hojaji msiijaze kama mnavyojaza fomu za mshahara. Ulizeni imeandikwa kwanza kwa lugha gani, na nani aliifasiri. Ukiona swali haliingii, andika pembeni: swali hili haliulizwi hivi kwetu. Mtafiti mwenye akili atakushukuru.

Lakini kungoja tuulizwe haitoshi, na hili nalisema kwa wanafunzi zaidi. Yapo maswali ambayo hakuna wa kuyauliza ila sisi. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kukisimamia. Kiamu chetu, kilichobeba tenzi kwa karne nyingi, kikabaki nyumbani. Sasa mtoto wa Amu anakuja Gredi ya 1 anasema ndia, kitabu kinasema njia. Anasema nti, kitabu kinasema nchi. Anasema yeo, moya, mato. Mwalimu aliyetoka bara anatia alama nyekundu kwenye kila moja. Wanaopima usomaji, kama watu wa mradi wa Uwezo waliokuwa wakienda nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, walituonyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu nchini hawawezi kuisoma. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Ila mimi nataka kujua jambo dogo zaidi: katika makosa ya mtoto wetu, mangapi ni makosa ya kutojua kusoma, na mangapi ni Kiamu?

Swali hilo halihitaji ndege wala fedha za wafadhili. Linahitaji walimu wanne, shule nne, na insha za muhula mmoja. Kila mwalimu achukue daftari za watoto wake, kwa idhini ya wazazi na bila kuandika majina, ahesabu kila alama nyekundu na aitie katika fungu lake: hili ni la herufi, hili ni la sarufi, hili ni neno la mamake. Msichague daftari nzuri tu, wala mbaya tu. Chukueni kila la tatu katika rundo, mpaka mwisho. Andikeni mlivyofanya, ili mwalimu wa Siyu akitaka kurudia aweze, na akipata tofauti awaambie.

Na muandike kwa Kiswahili. Msimsikilize anayesema utaalamu hauandikwi kwa lugha hii. Ile Kamati ya 1930 ilikuwa na jarida lake, na uzao wake ni jarida liitwalo Kiswahili, linalotolewa mpaka leo na taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taasisi hiyohiyo hutoa Mulika, ambalo makala zake ni za Kiswahili. Wahakiki wa huko hawatachanganya haya na aibu. Wakiwakatalia mara ya kwanza, someni sababu, rekebisheni, rudisheni. Makala yangu ya kwanza ilirudishwa na kurasa tatu za maswali. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu niliyasoma tena polepole, nikaona kila swali lilikuwa na haki, na mawili kati yake nilipaswa kujiuliza mwenyewe kabla ya kuomba wino.

Mama mmoja ameniuliza pale Mkunguni nilipokuwa naingia, yeye hakusoma sana, je, kikao hiki kinamhusu? Kinakuhusu, mamangu. Mtafiti ajaye atabisha hodi kwako kabla hajabisha kwangu. Unachomwambia ndicho kitakachosomwa na mawaziri. Mwambie polepole, na mwisho muulize: umeandika nini? Nisomee.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya Alasiri, nitakuwa hapa Ngomeni kwenye maktaba. Tutasoma makala moja kila mara, kwa sauti, tukifasiri tunapokwenda, tukianza na mbinu za utafiti kabla ya matokeo. Tutaanza na ule utafiti wa vitabu vya kiada. Nimeuandika muhtasari kwa Kiswahili, kurasa mbili, na chini nimeacha nafasi ya kila mmoja kuandika pale ambapo darasa lake linapingana nao. Anayetaka kuingia katika kazi ya daftari aandike jina la shule yake kwenye karatasi ya kijani. Nahitaji shule nne, na nimeshapata moja.

Nakala ziko kwenye meza ile karibu na mlango. Wa Faza na Kizingitini wachukue mwanzo, wana safari.